Kiini Kisichochomwa

Saa nne, walipotoka kunywa chai, Chiriku alisukutua kinywa kwa chai ya rangi, akatema kando ya ukuta. Yaliyotoka yalikuwa maji matupu, maangavu kama ya chemchemi.

"Baba, umeona?" alicheka. "Nimekuwa chujio! Niuze basi."

"Acha mzaha, mwanangu," alijibu baba yake, fundi mkuu wa karakana. Lakini aliyafukia maji yale kwa vumbi.

Kazi yao ilikuwa kuviringisha uzi wa kioo juu ya bomba la chuma lenye matundu, waliloliita kiini, mpaka unenepe na kuwa chujio la kuchujia mafuta ya moto na tindikali viwandani. Machujio yaliyochakaa yalirudishwa, uzi ukakatwa, na viini vikachomwa tanurini kabla ya kuvikwa upya. Desturi hiyo haikuvunjwa. Chujio hubakiza kisichopita, na wazee wa kazi walisema kuna vinavyobaki ambavyo moto pekee huvibandua.

Juma lililotangulia, lori likiwa linangoja, kilipungua kiini kimoja. Fundi alikichukua kwenye rundo la vilivyorudishwa, akakifuta kwa kitambaa, akampa binti yake akivike. Lori liliondoka kabla hajamaliza. Chujio lile likabaki rafuni.

Siku ya tatu Chiriku, ambaye hakuitwa hivyo bure, hakuwa na sauti. Adhuhuri umeme ulikatika, mashine zote zikanyamaza, na katika ukimya ule kila mtu akasikia uzi ukiendelea kuviringika, taratibu, ukikwaruza, si mashineni bali kifuani mwa binti, huku harufu ya tindikali na chuma cha moto ikimtoka puani, naye akikohoa, akikohoa tena, hadi ulimi wake ulipotokeza nje umevikwa nyuzi nyeupe zilizopishana kwa ustadi ambao fundi aliutambua, kwa kuwa ulikuwa mkono wake mwenyewe.

Alimkimbilia bibi mchoma tanuri, ambaye watu walimwendea pia kwa mambo yasiyo ya chuma.

"Mama, nisaidie."

"Usinifiche, mwanangu. Vilirudi arobaini, nikachoma thelathini na tisa."

Fundi aliinamisha kichwa.

"Kwenye kile cha arobaini kuna jini, alinaswa akipita na mafuta ya viwandani," bibi alinong'ona. "Hakai kwenye chuma. Anakaa kwenye uwazi. Tutakichoma kiini, kila mtu azibe kinywa kwa kitambaa, ili jini apande na moshi."

Wakaziba vinywa, chujio likatupwa motoni. Uzi uliyeyuka, kiini kikawa chekundu, tanuri likavuma. Lakini Chiriku, aliyelazwa sakafuni, alizidi kubadilika rangi, midomo ikawa ya buluu, na mkwaruzo ule kifuani mwake ukaongeza kasi kama mashine inayokimbilia kumaliza safu ya mwisho, na fundi akaona machoni mwa bibi kwamba mgeni amekataa bomba la moshi, kwamba hatatoka mahali penye joto la damu ila kwenda mahali palipo sawa napo. Akang'oa kitambaa chake. Akapiga magoti, akafunua kinywa juu ya kinywa cha mwanawe.

"Njoo huku," alisema. "Aliyekosa ni mimi."

Kitu kikakatika. Chiriku akavuta pumzi, akapiga ukelele, kisha akaanza kulia kwa sauti yake yote.

Kesho yake saa nne alikuwa akisimulia mambo matatu kwa pamoja, wenzake wakimsihi awape nafasi ya kumeza. Fundi alibeba chai yake hadi nyuma ya karakana. Akasukutua, akatema.

Maji maangavu yakatiririka juu ya vumbi.

Alipogeuka, bibi alikuwa amesimama pale.

"Nani mwingine ameona?"

"Wewe tu, mama. Chiriku asijue." Akameza mate, kitu kikakwaruza. "Kiini huchomwa kabla hakijavikwa, sivyo?"

Bibi alitazama kando.

"Nimepima mlango wa tanuri asubuhi, mwanangu," alisema polepole. "Hutoshi."