Zawadi za Ukoo Chini ya Gari la Baba

Nina umri wa miaka ishirini na sita. Nimesomea uhandisi chuo kikuu na bado natafuta kazi. Nyumbani kwetu, kijijini Bahati, wananiita Inspekta, kwa sababu nauliza maswali hata pale watu wazima wamekubaliana kunyamaza. Wasomaji wenzangu, mara moja tu maishani nilinyamazishwa... na mara hiyo ndiyo iliyotuvunja!

Baba alipofariki alituachia gari dogo la michezo, jekundu, la milango miwili, lenye umri mkubwa kunishinda mimi. Alikuwa akishindana nalo katika otokrosi. Magari huingia uwanja wa vumbi moja moja, yanazunguka koni, na lenye muda mfupi ndilo linaloshinda. Kaka yangu Mwangi aliamua kulikimbiza tena ili kumkumbuka. Nani angemkataza? Hata mimi nilitamani kuisikia ile injini.

Tatizo lilikuwa chini. Shokamzoba, zile bomba za mafuta zinazotuliza mtikisiko, zilikuwa zinavuja na springi zimechoka. Jioni nyingi mimi na Mwangi tulibishana juu ya kubadilisha. Yeye alitaka gari liinuke, liwe gumu. Mimi nikamwambia uwanja ule una mashimo, gari gumu litarukaruka na tairi hazitashika ardhi. Tena springi na shokamzoba lazima zielewane, mbele na nyuma. Nani huvaa ndala mguu mmoja na gamubuti mguu wa pili?

Alicheka, akakubali. Tukachagua seti moja kamili, laini kiasi, tukainunua.

"Inspekta, umeshinda kesi," akaniambia.

Lakini kwetu, jambo la marehemu haliwi la watu wawili. Habari zilipoenea, kila jamaa alitaka mkono wake uwemo. Kwingine watu huchanga pesa... sisi tuliletewa vyuma! Binamu wa Naivasha alileta shokamzoba za mbele, alizofungua kwenye gari lake lililokufa. Na Anko Gitau, mdogo wake Baba, mwenye bucha kule Kikopey, alileta springi za nyuma kutoka gari lake kuukuu la kubebea mbuzi. Zilikuwa nene, ndefu, za kukatwa ndipo zitoshe.

Nikauliza mbele ya wote, "Anko, hizi si ni za kubeba mzigo? Gari la Baba linabeba mzigo gani?"

"Linabeba jina la ndugu yangu!" akajibu, na sebule nzima ikapiga makofi.

Mama akanifinya. Aliniambia chinichini kwamba mtu haambiwi arudi na zawadi yake.

Nilimvuta Mwangi kando. Aliniahidi tutapokea kwa heshima, tuweke stoo, kisha tufunge zile zetu. Nikamwamini. Mimi, ninayetilia shaka hata utabiri wa mvua... sikumuuliza mara ya pili!

Siku ya shindano ukoo wote ulifika uwanjani, upande wa Gilgil. Anko alikuja na nyama ya kutosha kijiji. Gari liliposhushwa kwenye trela, nililisogelea. Nyuma ilikuwa imeinuka kama panzi! Nikainama nikachungulia. Springi za Anko, zimekatwa. Mbele, shokamzoba za binamu. Seti yetu haikuwepo.

"Mwangi, uliniahidi!"

"Sasa ungefanya nini? Anko alikuja gereji mwenyewe kuangalia kama zake zimefungwa. Nimwambie ziko stoo? Ni raundi moja tu, Inspekta."

"Na likipinduka?"

"Nikitoka utaniuliza yote." Akavaa helmeti.

Tulipokuwa tukibishana, wakaguzi wa shindano walikuwa wameshaangalia mikanda na breki tu, wakaridhika. Niligeuka niwakimbilie, lakini Anko alikuwa ameweka mkono juu ya boneti. Kofia zikavuliwa. Mama akanishika mkono, akaukaza.

"Hili gari lisiende!" nilisema kwa sauti.

"Shhh! Tunaomba!" Mama akanikatiza.

Ningefanya nini? Anko alimshukuru Mungu kwa kila aliyetoa, jina kwa jina, chuma kwa chuma. Macho yote yalikuwa yamefumbwa isipokuwa yangu. Amina ilisemwa injini ikiwa tayari inanguruma. Nilipouchomoa mkono wangu nikamfikia mshika bendera, bendera ilikuwa imeshuka.

Koni ya kwanza alipita vizuri. Watu wakapiga vigelegele. Kwenye kona yenye mashimo, nyuma ikaruka, ikakosa kushika ardhi, ikataka kutangulia mbele. Gurudumu likachimba udongo... gari likabingirika. Vumbi lilikataa kutulia. Oh, lile vumbi!

Mwangi yu hai. Lakini hasikii miguu yake.

Nimchukie nani? Anko aliketi chini kwenye vumbi akalia kama mtoto. Alitoa kwa upendo. Mwangi alinisaliti kwa heshima. Mama alinishika kwa imani. Hasira yangu haina pa kwenda...

Na sasa, wasomaji, wamerudi! Binamu ameleta mafuta ya kupaka. Anko ameleta mafuta ya mbuzi. Jirani ameleta mzee wa kukanda mifupa, ingawa daktari alitukataza kabisa mtu kuugusa mgongo ule. Mama anapokea vyote, anashukuru, anapika chai.

Wiki iliyopita huyo mzee alikunja mikono ya shati, akasogelea kitanda. Anko akavua kofia, tayari kwa sala. Mwangi aligeuza shingo akanitafuta.

"Inspekta," alisema polepole, "uliza."

Nilisimama kati yao na kitanda, nikauliza ni daktari gani aliyeruhusu mgongo ule uguswe. Mama alikasirika. Mzee aliondoka bila kunywa chai. Sijui kesho watamleta nani, wala nitasimama pale hadi lini.

Nakusihi wewe unayesoma. Pokea zawadi, shukuru, weka stoo. Usiifunge chini ya mtu unayempenda kwa kuogopa kumuudhi aliyetoa. Na ukiwa na swali juu ya uhai wa mtu, liulize hata kama watu wamefumba macho. Usingoje amina!