Afande Hainui Mikono

Walikutana supamaketi jioni, watu wamejaa, mbele ya rafu ya deodoranti. Dada mpiga pasi, ndani ya blauzi yake nyeusi, alikuwa akiukodolea macho mkebe wa juu kabisa bila kuunyooshea mkono. Fundi lifti aliyekuwa nyuma yake akamshushia.

"Mbona umesimama kama uko gwaride? Haya, pokea, afande."

Jina likaganda, na mapenzi yakaanza.

Lakini miezi ikapita, afande hajamkumbatia hata mara moja. Angethubutuje? Kwapa zake zilivuja kama bomba bovu. Alijipulizia asubuhi, akajipulizia mchana, akanukia vizuri, na nguo ikalowa vilevile. Hakuna aliyemwambia kwamba deodoranti hupambana na vijidudu vinavyoleta harufu tu. Jasho lenyewe hailigusi.

"Unanionea kinyaa?" fundi alimuuliza kwenye simu.

"Jamani, mpenzi, hapana!"

"Basi unaye mwingine."

Fundi akakata, na simu za afande hakuzipokea tena.

Dada akaenda duka la dawa amefura. Muuzaji akampa dawa ya kuzuia jasho. "Hii inaziba vile vitundu jasho linapotokea. Paka usiku, ngozi ikiwa kavu. Ipe siku kadhaa."

Siku kadhaa! Kesho yake tu fundi akatokea kwenye kaunta ya dobi, kazini kwa dada, uso kaukunja.

"Nimefuata shati langu."

Lilikuwa limening'inia juu kabisa. Safari hii hakujisumbua kumsaidia. Dada akatamani kulia. Dawa kapaka, na joto la pasi limeshailowesha sare yake ya buluu. Liwalo na liwe! Akanyoosha mkono wote.

"Haya, tazama! Umefurahi? Ndiyo maana sikukumbatii. Natota jasho, naona aibu, na wewe unaniita afande!"

Fundi akalitazama lile doa la maji kwapani. "Siku zote hizi... ni jasho?"

"Wewe unaliona dogo!"

"Mama, mimi nashinda kwenye shimo la lifti, natota kuliko wewe. Unadhani mashati yote yale naleta kwa nini?"

"Si unakuja kuniona mimi?"

"Na hilo pia."

Dada akamvuta juu ya kaunta na kumkumbatia kwa mikono yote miwili, kwa nguvu, shati likiwa katikati yao.

"Umelikunja," fundi akanong'ona.

"Nyamaza. Nitalipiga tena."