Vijiko Vinne vya Chumvi

Kwa siku ya nne mfululizo, Kimya hakwenda shule. Jina hilo alipewa darasani, kwa kuwa alikuwa mgeni na maneno yake yalihesabika. Mama yake alifua mashuka hospitalini tangu alfajiri hadi jioni, na mdogo wake wa miaka miwili alikuwa anaharisha. Nani mwingine angemlea? Kimya alifagia, akafua nepi, kisha akasimama dirishani kuwatazama wenzake wakipita na mikoba yao. Hakuna aliyegeuka. Upweke ulimkaba hata akatamani angalau mtu wa kugombana naye.

Mama alikuwa amemwagiza: "Lita moja ya maji yaliyochemka yakapoa, vijiko sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Umnyweshe kidogo kidogo."

Kimya alitia sukari, akatia chumvi, akakoroga. Maji yakabaki maangavu, chumvi haionekani. "Mbona imepotea?" alijiuliza, maana hakuwa na wa kumwuliza. Akaongeza kijiko, nacho kikatoweka. Akaongeza tena na tena, mpaka vikafika vinne.

Mtoto alikunywa kwa pupa, kisha akatapika. Kimya alipoyaonja yale maji, ulimi ulimwasha. Aliyamwaga yote, akambeba mdogo wake mgongoni, akatoka mbio hadi zahanati.

"Umemnywesha nini?" aliuliza muuguzi, mama mnene mwenye miwani.

 Kimya alikwisha kuyamwaga yale maji, na hakuna aliyemwona akiyachanganya. Angesema nusu kijiko, nani angembishia? Lakini mdogo wake alikuwa amelegea mikononi mwa muuguzi, na Kimya hakuwa na rafiki mwingine nyumbani ila huyo.

"Nilitia vijiko vinne vya chumvi," alisema huku akilia. "Kila nikitia inapotea, mama."

Muuguzi hakumfokea. Alimwita daktari upesi, akamweleza habari ya ile chumvi, wakaanza kumtibu mtoto. Kimya alikaa peke yake kwenye benchi, akihesabu vigae vya sakafu. Alasiri mtoto alifumbua macho, akamvuta dada yake nywele. Kimya alicheka na kulia kwa pamoja.

Muuguzi aliketi kando yake na kikombe cha maji. "Haya, bingwa wa mapishi, tazama." Akatia chumvi kidogo, akakoroga. "Punje ya chumvi imejengwa kwa chembe ndogo mno zinazoitwa ioni. Nyingine zina chaji ya umeme iliyo chanya, nyingine hasi, ndiyo maana zimeshikana. Maji huzivuta, yakazibandua na kuizunguka kila moja. Zikitawanyika hivyo huzioni tena. Hebu onja."

"Ina chumvi!"

"Imo yote, haijapungua hata chembe. Chumvi hupimwa kwa kijiko, haipimwi kwa macho."

Jioni mama, aliyepelekewa habari na muuguzi, alifika mbio, aproni ikiwa bado imelowa. Aliposikia yote, aliwakumbatia wote wawili.

"Usimgombeze," muuguzi alimwambia, kisha akamgeukia Kimya. "Mwanangu, mficha maradhi kifo humfichua. Ungetudanganya leo, tungemtibu ugonjwa mwingine, na sijui kama angeamka. Kukosea umekosea, lakini ukweli wako ndio uliomwokoa. Siku nyingine jambo likikutatiza, usikae nalo peke yako. Mlango huu uko wazi, njoo uulize."