Kalibu la Msufi wa Makaburini

Kisahani cha kwanza kilitoka na kovu. Ngatinah alikiinua mwangani akaona, mahali palipotakiwa kuwa laini, mstari mwembamba kama jicho lililofumbwa.

"Mas, kalibu lako lina makengeza," alimtania mumewe, Sarjito.

"Mbao mbichi hiyo. Itatulia tu."

Sarjito alilichonga kutokana na msufi ulioanguka makaburini. Hakuomba ruhusa, wala hakupika wali wa manjano wa dua kama ilivyo desturi ya Sidoarjo. Alisema Mungu kamletea mbao za bure.

Kazi ikaendelea. Shiti ya plastiki ilipashwa moto ikalegea, ikashushwa juu ya kalibu, pampu ikafyonza hewa kupitia vitundu vya chini, shiti ikanata na kushika umbo. Lakini pampu ilipozimwa, kalibu liliendelea kufyonza. Karakana ikanuka asumini na udongo wa kaburi, na kila kisahani kilichotoka kilikuwa na sura iliyo wazi kuliko ya kabla yake, jicho, kisha pua, kisha mdomo uliokuwa ukitafuta hewa, mpaka Ngatinah akaitambua sura ile, akageuka, akamkuta Sarjito mwenyewe ameegemea ukuta, midomo imekuwa ya buluu.

"Nimechoka tu, Dik," Sarjito alimnong'oneza mkewe.

Kiai Mahfud, shehe wa mtaa, aliitwa, akasoma Ayatul Kursiyu, akalichoma kalibu uani. Lilipiga ukelele kama mtu.

"Na vyote vilivyotoka humo uvichome, mwanangu. Kisibaki hata kipande. Umenisikia?"

"Nimesikia, Kiai," Ngatinah alijibu.

Alivichoma vilivyokuwa mezani. Gunia la visahani vibovu alilisukuma nyuma ya mlango. Vibovu husagwa, vikayeyushwa, vikawa shiti mpya. Ndivyo mafundi wote wafanyavyo. "Kusaga ni sawa na kuchoma," alijisemea, "sura si inapotea?" Akaomba msamaha wa Mola, kisha akawasha mashine ya kusagia.

Sarjito akapona. Safari hii kalibu lilikuwa la alumini, na wali wa manjano ulipikwa, majirani wakaitikia amina.

"Bismillahi," alisema, akashusha shiti ya kwanza, ile ya vibovu vilivyosagwa. "Ona kinavyong'aa, Dik!"

Ngatinah alikipokea. Katikati palikuwa na sura ya mwanamke, kinywa wazi, na doa dogo jeusi kwenye kidevu, kama lake. Akataka kumwita mumewe. Pampu ilikuwa imezimwa, lakini hewa ikawa inamtoka tu, wala hairudi.