Ukuta wa Kibanda cha Chekechea

Kila jioni baada ya shule, Nyamoita wa gredi ya sita alimsaidia babake, Osoro, kusugua vinyago vya mawe kwa msasa ndani ya beseni la maji. Tangu mama afariki, walibaki wawili tu katika nyumba yao kijijini Tabaka.

Wiki hiyo hawakusugua viboko wala twiga. Walisugua kibanda kidogo cha jiwe. Watoto wa chekechea walisomea uani, na mvua ya alasiri iliwanyeshea. Wakubwa walikuja, wakapiga picha, wakaahidi darasa, wakaenda zao. Wazazi walipochoka kungoja, waliamua kujenga wenyewe kibanda cha wazi, chenye ukuta usiofika paani. Wanafunzi wakaombwa wabuni mfano, na ule wa Nyamoita, uliochongwa kwa jiwe laini, ukachaguliwa. Kila mtu aliushika, akaugeuzageuza mkononi, akausifu.

"Mtoto wa mchongaji ni huyu!" alisema Ogari, fundi wa ujenzi. "Kesho asubuhi tunaanza ukuta."

Jioni hiyo Nyamoita aliuosha mfano, akauweka chini ukauke. Msasa ukamponyoka. Alipoinama kuuokota, shavu likagusa nyasi, naye akachungulia mlangoni mwa kibanda.

Akashtuka. Kutoka pale chini hakuona bonde wala migomba. Aliona ukuta tu, kama mtu aliye shimoni. Hivyo ndivyo angeona mtoto aliyeketi sakafuni.

"Baba, nimekosea."

"Umekosea nini? Si wote wamekipenda?"

"Walikishika mkononi. Hakuna aliyetazama kutoka ndani."

Osoro akalala kifudifudi kando yake, na ndevu zake zote, akafumba jicho moja. 

"Utawaambia?"

"Watanicheka, Baba."

"Watacheka, ndiyo. Wale wakubwa wetu hawakubali kosa hata siku moja. Na wanaonyeshewa na mvua ni kina nani? Si watoto?"

Asubuhi wazazi walikuwa tayari wamebeba mawe. Nyamoita aliposema ukuta ushushwe, Sheila, mwanafunzi mwenzake, aliangua kicheko. "Ala! Mshindi anakataa ushindi wake!"

"Nikishusha ukuta, mvua itaingia," alisema Ogari. "Ama utaizuia kwa mikono?"

"Paa litokeze nje zaidi, Fundi, na liinamie chini. Hebu chungulia kwanza."

Nyamoita aliuweka mfano chini. Ogari akapiga magoti, akachungulia mlangoni mwake. Alipoinuka, hakucheka. "Kweli, tungewafungia hawa watoto. Haya, ukuta unashuka!"

Siku ya kwanza ya masomo kibandani, mvua ilikuja mbio kutoka ng'ambo ya bonde. Watoto waliketi sakafuni na Mwalimu Gesare. Maji yakamwagika ukingoni mwa paa kama pazia, na hakuna aliyelowa. Nyuma ya pazia hilo, vilima vilizidi kuwa vya kijani, kama jiwe linavyotoa rangi yake likiwa majini. Hata wale wapiga kelele waligeuka kutazama.

"Mwalimu," alinong'ona Bitutu, mdogo kuliko wote, "mlima unaoga."

Wazazi walikuwa wamesimama pembeni, na Nyamoita kando ya babake. Osoro alivua kofia.

"Unaona, Nyamoita?" alisema polepole. "Kuchonga vizuri, wengi wanaweza. Kusema 'nimekosea' wakati watu bado wanakusifu ndiyo kazi ngumu. Ungenyamaza siku ile, leo hawa wangekuwa wanatazama mawe."