Sauti Kwenye Mbao za Jiko

Kuku ndio waliolikataa kwanza lile banda la bustani. La zamani lilikuwa limeliwa na mchwa, na fundi bomba akalijenga upya kwa mbao na mabati ya jiko la marehemu mama yake, lililobomolewa nyumba ilipouzwa.

"Mbao kama hizi siku hizi utazipata wapi?" alimwambia mkewe, mshonaji, akizipapasa.

Lakini kuku walipita mbali, na humo ndani, hata jua la mchana likiwaka, kulinuka moshi wa kuni zilizomwagiwa maji.

Haukupita muda mume akaacha kula nyumbani. Akitoka kazini anapitiliza bandani, anajifungia, na akitoka anasema ameshiba, ilhali mashavu yamebonyea. Mkewe akampunguzia suruali kiunoni, akaipunguza tena.

Alasiri moja alimfuata, akatega sikio ukutani.

"Kula, baba," mwanamke mzee alikuwa akibembeleza humo ndani. "Kula, umekonda."

Mwenye sauti ile alikwisha kuzikwa, na yeye ndiye aliyemwosha.

Akamwita mtabibu, bibi wa mtaa wa pili. Bibi aliweka kiganja kwenye ubao, akakitoa upesi kama aliyeungua.

"Si mama mkwe wako," akanong'ona. "Ni jini. Alikaa jikoni kwake miaka na miaka, sauti yake ameikariri. Nitamsomea, lakini aliyemleta asipomkataa kwa kinywa chake, hatoki."

"Mama yangu yumo humu," mume alijibu kutoka ndani. "Atakayegusa ubao mmoja, mimi naye basi."

Mshonaji akausukuma mlango kwa bega hadi komeo likaachia, akaingia katika kiza kile chenye moshi usio na moto, ambamo mumewe alikuwa amepakata sahani ya majivu na midomo yake imejaa majivu, na ukuta mzima nyuma yake ulikuwa ukivuta pumzi na kuishusha taratibu kama mgonjwa aliyelala, akajikaza akauliza:

"Mama, siku nilipoletwa kwako, uliniambia nini?"

Mbao zikatulia.

"Nilikukumbatia, mwanangu. Nilisema Mungu amenipa binti."

Mume akageuza shingo polepole. Siku ile alikuwepo.

"Mama hakusema hivyo," alisema. "Wewe si mama. Sikutaki. Toka."

Hapo ukuta ukaanza kumwita mshonaji kwa sauti ya mumewe mwenyewe, ukimsihi amfungulie, anaungua, huku mumewe akiwa mbele yake, kinywa amekifumba, anang'oa misumari kwa nyundo na bibi akisoma hadi koo likamkauka. Na ubao wa mwisho ulipoanguka, sauti ikakatika.

Wakazichoma mbao zote. Mume aliketi chini, akasukutua majivu, kisha akalia kilio ambacho msibani hakikumtoka.

"Hebu niambie tena," alisema baadaye. "Alisemaje siku ile?"

"Alisema umemletea ufagio uliovaa gauni."

Akacheka, machozi yakimchuruzika.

"Ehee," akasema. "Huyo ndiye mama yangu."