Nyumba ya Despina

Kila asubuhi kabla ya shule, Thalia aliteremka ngazi na bibi yake, Fotini, kwenda kununua mkate. Njiani bibi alimtania muuza samaki, akabishana kidogo na muuza matunda, akapita kanisani kuwasha mshumaa, ndipo wakarudi. Thalia aliyazoea hayo tangu utotoni, kwa hiyo hakuyahesabu kuwa kitu.

Alichokihesabu ni nyumba ya binamu yake Despina kule Oakmere, nje ya jiji la New York. Ilikuwa na bustani kubwa, na Despina alikuwa na chumba chake peke yake. Thalia alilala chumba kimoja na bibi, tena bibi alikoroma. Kila alipotoka kwa Despina roho ilimuuma. Kwao Wagiriki, mtu akisifu kitu cha mwenzake hutema mate kidogo, ftu, ftu, ftu, ili jicho la husuda lisikidhuru. Thalia alisifu akaishia hapo. Mate aliyabana makusudi.

Mwaka huo mama yake alikuwa mjamzito, na nyumba yao ya mjini ikawa finyu. Baba akasema watahama. Alipenda Millbury, mji mdogo wenye nyumba zilizobanana, ila kanisa, treni na duka la mkate vilikuwa karibu. Thalia alitaka Oakmere, nyumba kubwa kuliko ya Despina ikiwezekana.

Kilichomtia baba wasiwasi ni kilima cha Millbury. Walipokwenda kuuona mji, alimwomba Thalia atembee na bibi mpaka dukani na kurudi. Bibi akiweza, watahamia pale. Akishindwa, wataenda Oakmere.

Bibi alipanda kilima kile akiimba. Thalia ndiye aliyehema. Lakini baba alipouliza, Thalia alijibu bila kupepesa macho, "Ameshindwa, baba. Magoti yanamuuma."

Bibi alimtazama mjukuu wake, akanyamaza. Baba akasema basi, ni Oakmere.

Jumapili iliyofuata walialikwa kwa Despina. Thalia aliingia kifua mbele. Mchana bibi alivaa koti, akachukua kikapu, akauliza duka la mkate liko upande gani. Despina alimweleza kwamba huko hakuna duka la kwenda kwa miguu, ni mpaka mtu awapeleke kwa gari. Bibi akaketi dirishani na koti lake mwilini, kikapu mapajani.

Despina akamnong'oneza Thalia, "Nami hukaa hivyo hivyo kila siku, namsubiri mama atoke kazini. Wewe una bahati. Unatembea na bibi, hata muuza samaki anakujua kwa jina." Kisha akatema haraka, "Ftu, ftu, ftu. Nisije nikakutupia jicho."

Thalia aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Yule ambaye yeye alimwonea kijicho miaka yote ndiye aliyekuwa akimkinga. Alimtazama tena bibi pale dirishani, akamwendea baba mbele ya watu wote.

"Nilisema uongo. Bibi alipanda kilima akiimba."

Baba alimgeukia bibi. "Mbona hukusema, mama?"

"Nilidhani mtoto amechoka kulala na mimi," bibi alijibu. "Si nakoroma?"

Thalia akalia, akamwomba bibi radhi. Baba hakumpiga wala kumfokea, lakini alimwambia yeye mwenyewe ampigie simu mama yake, aliyebaki nyumbani, na kumweleza alichofanya.

Walihamia Millbury. Asubuhi ya kwanza, katikati ya kilima, Thalia alimuuliza bibi kama yale mate kweli huzuia jicho baya.

"Mate ni mate tu," bibi alisema. "Ukitema, unajikumbusha kwamba cha mwenzako ni chake. Wewe ulikodolea macho nyumba ya Despina, na haikupata hata ufa. Iliyokaribia kuvunjika ni yetu."

Thalia akampokea kikapu, wakaendelea kupanda.